Gia Kubwa Bila Ndogo Yake

Mtaa wa Tena, Nairobi

Mke wangu Mwende,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo umepunguza kuuma? Na mtoto, bado anakupiga mateke ukilala? Mimi ni mzima, ila kichwa kinanizunguka. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Baba huweka spika, kisha kila mtu hukujibia.

Mzigo mlionitumia kutoka nyumbani ulifika. Ndani ya gunia la ndengu nilikuta ile gia kubwa iliyovunjika meno kwenye ekseli ya nyuma ya gari la Baba. Nikaipeleka kwa Otieno, fundi wa hapa nyuma ya ploti yetu. Akaigeuzageuza, akaniangalia.

"Na ndogo yake iko wapi, msee? Hizi ni bibi na bwana, huwezi nunua moja. Hii pekee haiwezi niambia kitu, lazima nihesabu meno ya zote mbili."

Nikampigia Baba. Kumbe Mama ameiweka ile ndogo juu ya kifuniko cha pipa la maji, kisipeperushwe na upepo! Na Baba wala hajali. "Nunua yoyote, bora iingie," akasema. "Shafti ya kuzungusha magurudumu ya mbele nilishaitoa, gari lilikuwa linakunywa mafuta."

Nikaenda dukani na Otieno, nikaonyeshwa jozi mbili. Muuzaji akaniambia zote zitaingia, ila moja ni ya nguvu na nyingine ni ya mbio. Nikataka ya nguvu, nikiwazia ule mchanga wa mto. Otieno akanishika mkono.

"Nyuma lazima ifanane na mbele. Zikitofautiana, siku mzee atarudisha hiyo shafti zitavutana mpaka zipasuke."

"Sasa za mbele ni zipi?"

"Nitajuaje, na gari iko Kitui?"

Muuzaji akanicheka. Nilitoka mikono mitupu.

Baba anasema shafti ya mbele haitumii. Lakini namjua. Mvua ikinyesha na uchungu ukushike, ataifunga shafti hiyo hiyo avuke mto akupeleke hospitali. Nawaona mmekwama katikati ya mchanga, maji yanakuja. Naogopa, Mwende. Naogopa sana.

Kwa hiyo sijanunua. Baba amwite fundi wa sokoni ahesabu meno ya gia za mbele, bila kukisia. Wewe usingoje gari. Njoo na basi sasa, mto ungali mkavu, na hiyo gia ndogo uje nayo mkobani. Najua Mama anataka mjukuu wake wa kwanza azaliwe mikononi mwake. Naye aje. Chumba ni kimoja lakini tutabanana. Gia nikikosea nitairudisha dukani. Kwako sitaki kukisia.

Nisalimie Baba, asikasirike. Nisalimie na Kalekye, dada yangu, awaangalie kuku. Mama naye mwambie atafute jiwe la kuweka juu ya pipa.

Mumeo, nitakayekuwa kituoni kabla basi halijafika,
Mutua