Ukanda Uliobeba Pasi

9 Machi

Mwanangu,

Umebeba pasi! Ule ukanda mweusi uliotuma ndani ya bahasha, mwembamba kuliko karatasi, tumeuning'inizia pasi hapa saluni na haukukatika. Fundi redio akauunganisha na betri na taa ya tochi, ikawaka. Wateja wakasahau nywele zao. Nikawaambia akili hiyo imetoka tumboni humu.

Haya, hujambo? Mimi mzima, mgongo tu. Fundi anauliza umeufanyaje. Mkataba wako unaisha mwezi wa tano. Chumba chako nimeshakipaka rangi.

Mama yako

30 Machi

Mama, shikamoo. Mimi sijambo. Huo mgongo usiupuuze.

Mwambie fundi ni utando wa mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, iliyoshikwa na gundi. Nikizidisha gundi, unakuwa imara lakini umeme unagoma kupita. Nikipunguza, umeme unapita, utando unachanika. Mwaka mzima hivyo. Kumbe mirija ilikuwa imesokotana kama kichwa changu siku za shule. Nikakumbuka ulivyokuwa unanilowesha nywele kwanza, ndipo unavuta polepole. Nikaulowesha utando, nikauvuta hadi ukakauka. Mirija ikalala upande mmoja. Nguvu na umeme vikapanda pamoja.

Sasa mkuu wa maabara anataka nibaki miaka mitatu zaidi. Nimjibu kabla ya mwezi wa tano. Hapa kuna siku zinapita sijaitwa jina na mtu. Ukisema nirudi, narudi.

Kitinda mimba wako

14 Aprili

Baki.

Nisamehe kuchelewa. Niliandika barua mbili nikazichana. Zote zilisema rudi.

Mimi mzima, nawe ule vizuri. Siku hizi nalala chumbani kwako, redio naiacha iseme peke yake mpaka usingizi unichukue. Lakini sijawahi kumfumua mtu kichwa kikiwa kimesukwa nusu, nitaanza na wewe?

Watu nilishawatangazia unarudi, na mimi sirudishi maneno. Nimeazima viti ishirini. Watakusherehekea bila wewe, na habari ya mirija nitaieleza mwenyewe. Fundi, wateja, shangazi zako, hata yule jirani aliyesema unapoteza muda na masomo, wote nimewaambia waje Jumamosi, tarehe tatu Mei, saa tisa alasiri.

Mama yako