Kura Iliyobaki Kehancha

Rangwe, 9 Machi 2026

Mama yangu,

Magoti yanaendeleaje? Bado yanakukataza kuinuka asubuhi? Sisi tuko wazima. Beverly alikuwa na homa wiki jana, lakini leo anafukuza kuku, kwa hivyo amepona.

Simu tumeachana nayo. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka mama mkwe, mama Cephas, akatoka jikoni akidhani kuna moto, na wewe ukanijibu, "Ndiyo, mahindi yameota." Wacha niandike. Jirani yako Metrine ataibeba akimaliza kuuza ndizi zake hapa sokoni. Lakini inachekesha, mama. Mimi na wewe nyumbani ni Kikuria tu, na barua zetu zote ni Kiswahili kwa sababu Kikuria hakuna mwalimu alitufundisha kuandika. Nikisoma barua yako naona kama umevaa nguo ya kanisa.

Mjukuu wako Beverly naye ni hadithi nyingine. Akiwa na nyanya yake wa hapa ni Dholuo, akiwa na mimi ni Kiswahili, na kutoka kwa katuni za simu ya baba yake anaokota Kiingereza. Kikuria anajua maneno matatu, na mawili ni ya kufokea ng'ombe.

Sasa jambo lenyewe. Watu wa kuandikisha kura wako hapa sokoni. Cephas anasema nihamishe kura yangu ije Rangwe. Mama yake ndiye mchokozi, ananiita binti wa Kuria kwa lugha yao: "Nyar Kuria, unakula ugali ya hapa, kura unapelekea Kehancha? Wewe ni mke ama ni mpangaji?" Nikacheka, lakini lilinichoma kidogo.

Tena, siku ile ya homa nilimbeba Beverly mgongoni zaidi ya saa nzima mpaka zahanati, kwa sababu boda haipiti kwenye matope yetu. Njiani nikawaza, hii barabara nitamlilia nani kama sina kura hapa? Sijaamua. Niambie.

Binti yako,
Nyangi

Kehancha, 16 Machi 2026

Mwanangu Nyangi,

Magoti ni yale yale. Nakula, nalala. Pole kwa homa ya mtoto. Msalimie Cephas. Mama yake mwambie mdomo wake nimeusikia kutoka huku, na mimi ni kiziwi.

Kura usihamishe. Kaka yako Boaz anasimama MCA, mwakilishi wa wadi yetu, mwaka ujao. Nyumba yangu imekuwa ofisi. Viti vya plastiki vimejaa mpaka kile chumba chako, na vijana wanamaliza majani yangu ya chai wakihesabu watu. Boaz anasema kila kura ni kura. Ya dada yake ikienda Rangwe, si watu watamcheka?

Unakumbuka 2022? Ulikuja na tumbo la Beverly. Karani akasema wenye mimba wapite mbele, na mimi nikakushika mkono tukapita pamoja. Watu wakapiga kelele, "Na huyo mzee, naye ana mimba?" Halafu mashine ikakataa vidole vyangu. Miaka yote hiyo ya kufunga tumbaku imevilainisha, havina alama. Ukavisugua na leso yako kimoja kimoja mpaka kidole gumba kikakubali. Jioni tukakaa jikoni tukichambua maharagwe, redio inasoma matokeo, na masikio yangu yalikuwa bado mazuri. Ulilala kwangu siku tatu.

Usihamishe.

Mamako

Rangwe, 24 Mei 2026

Mama,

Najua umehesabu wiki. Metrine amekuja hapa siku tisa za soko, na kila mara nilimwambia bado naandika. Hakuna kitu nilikuwa naandika. Pole. Habari za afya yako namuuliza yeye, ananiambia unalima kama kijana.

Barua yako ilifika siku mbili baada ya mimi kuhamisha. Sikungoja jibu lako, na hilo ndilo limenifanya ninyamaze. Walikuwa wanasema mashine inaondoka, Cephas alikuwa na pikipiki ya rafiki yake, nikapanda. Karani akaniuliza, "Una uhakika?" Nikasema ndiyo upesi, kabla sijafikiria. Kisha nikatoka nje nikasimama karibu na wauza omena, nikajiona kama mtu aliyesahau kitu na hajui ni nini.

Mwambie Boaz anisamehe. Lakini sijutii, mama, wacha nikwambie ukweli. Nataka siku moja nimuulize mtu kuhusu ile barabara, na asiniambie niende nikaulize kwetu.

Binti yako,
Nyangi

Kehancha, 30 Mei 2026

Nyangi,

Mwili hauna neno. Moyo ndio ulikuwa mgonjwa, basi nikueleze.

Nilisoma barua yako nikaisukuma chini ya godoro. Nikaitoa, nikaisoma tena. Kisha nikampelekea Boaz nikitarajia atafoka. Akacheka! "Mama, kura moja? Mimi natafuta elfu mbili. Acha msichana apigie kura kwake."

Nikaona aibu, kwa sababu Boaz hakuwahi kutaja kura yako. Nilimsingizia. Aliyekuwa anaitaka ni mimi.

Kulala katika nyumba ya mkwe wangu siwezi, unajua mila. Ya kwetu inakataa na ya kwao inakataa. Wa kuja ni wewe tu, na wewe huji mpaka kuwe na uchaguzi. Beverly ulimleta akiwa na miezi minne, mkarudi jioni ile ile, hata kiti hakijapata joto. Sikulaumu, ndoa ina kazi. Lakini mimi nilikuwa na hesabu yangu: Agosti 2027 atakuja kupiga kura, atalala, mtoto atakuwa mkubwa, nitamwonyesha ng'ombe. Sasa kura umeondoa. Utakuja kufanya nini? Kunizika?

Samahani kwa neno hilo. Nimeshaliandika na kalamu haina kifutio.

Mamako

Rangwe, 8 Juni 2026

Mama yangu mpenzi,

Usiulize hali yangu, nililia mpaka Beverly akaniletea maji na kikombe chake cha plastiki.

Cephas akauliza nani amekufa. Nikamsomea barua. Akasema, "Kwani ni nani alikukataza kwenda kwenu?" Hakuna mtu, mama. Ni mimi. Ukiolewa kwa watu wa lugha nyingine, unataka waone umefika, umetulia, huangalii nyuma. Kila nikitaka kuomba siku, namwona mama Cephas ameinamia karai la nguo peke yake, naenda kusuuza naye. Siku ya kura ndiyo pekee sikuhitaji kuomba. Nilikuwa najificha nyuma ya uchaguzi, na wewe unaungojea.

Nimemwambia mama Cephas mwenyewe. Akanitazama sana. "Nenda. Lakini huyu mtoto akirudi amesahau Dholuo, nitavuka huko Kuria nije niwashtaki nyote."

Basi nakuja Jumamosi tarehe 20, mimi na Beverly. Hakuna uchaguzi, hakuna matanga, hakuna harusi. Nakuja tu.

Je, nafasi iko, na viti vyote hivyo vya Boaz? Na nikikaa siku ngapi hakuna atakayechoka na sisi? Niambie mapema nijue nguo za kubeba.

Binti yako,
Nyangi

Kehancha, 13 Juni 2026

Nyangi,

Mimi mzima. Leo hata magoti sijayasikia.

Viti vya Boaz viko nje, vinanyeshewa. Akitaka uongozi aanze kwa kutafuta ofisi. Kitanda chako nimekipigilia mguu uliokuwa umelegea.

Umeuliza mtakaa siku ngapi. Hilo mtu huuliza akienda kwa watu.

Mamako