Suruali Isiyopindwa

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba lile jicho lililoingiwa na cheche limepoa. Mimi sijambo. Nimenenepa kidogo mashavuni, na kamera inaongeza hayo mengine.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ninayo. Lakini nikipiga simu unampa Mama hata halo hujasema, nasikia pumzi zako tu zikipita. Barua hii ina jina lako juu, Baba. Huwezi kumwambia mwenzio aipokee.

Nina habari. Wamenipa kipindi changu mwenyewe. Si zile dakika chache za Alhamisi asubuhi, nimebanwa kati ya hali ya hewa na mapishi. Ni kipindi kizima cha jioni, mimi na mgeni mmoja, na watu wamekaa ukumbini wanatazama. Kinaitwa "Unakwenda Wapi?" kwa sababu hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayekuja nimvishe. Simuulizi mtu anapenda rangi gani wala ana umbo gani, umbo ninaliona. Namuuliza anakwenda wapi. Mmoja anakwenda kuomba kazi, mwingine anakwenda kuonana na mama aliyemwacha angali mdogo. Nikishajua hilo, nguo ya kumvisha haichelewi kuonekana.

Swali lenyewe nimeliiba kwako. Kila nilipotaka kutoka, ulikuwa uani unachomelea, unainua ile miwani yako nyeusi na kuuliza, "Unakwenda wapi?" Nikishajibu ndipo unaamua: "Rudi kavae sweta," au, "Viatu hivyo havikufikishi." Hukukosea hata siku moja. Watu wa hapa wananisifu kwa ubunifu, nami nimenyamaza tu.

Kipindi cha kwanza kitarushwa moja kwa moja tarehe 20 Juni. Mbele kabisa nimeomba viti viwili vya wazazi wangu. Mama alikubali kwenye simu kabla sijamaliza sentensi. Cha pili ni chako.

Miaka hii yote hujanisemesha, na kosa langu silijui sawasawa. Ninachojua ni kwamba siku ya kwanza nilipoonekana kwenye televisheni ulinyanyuka ukachomoa plagi. Niambie, Baba, hata kwa ukali.

Wako,
Binti yako

29 Machi

Kwako binti,

Barua imefika. Hapa ni wazima. Jicho limepoa. Mama yako mgongo unamsumbua wiki nzima, ila kila Alhamisi asubuhi unapona ghafla, anajifunga khanga anakwenda kumjulia hali jirani. Jirani mwenyewe hajawahi kuugua hata mafua. Ana televisheni.

Umeuliza kosa. Nitakwambia mara moja na sitarudia. Siku ile nilioga mapema, nikavaa shati safi, nikawaita mafundi wenzangu wawili waje wamwone mtoto wangu kwenye televisheni. Nikawasha. Kinachoonekana ni wewe umepiga magoti sakafuni mbele ya mwanamume ambaye simjui, pini mdomoni, unahangaika na suruali yake miguuni. Yeye kasimama, anatazama juu, hata hana habari na wewe. Wenzangu wakaanza kutazama ndani ya vikombe vyao vya chai. Mimi sikukulea upige magoti mbele ya wanaume wa watu. Nimeunguzwa na vyuma maisha yangu yote ili wewe usije ukamwinamia mtu.

Hongera kwa kipindi. Kiti mpe mwingine.

Ni mimi,
Mzazi wako

8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Ile ya kwanza haikuitikiwa, kwa hiyo hii ni ya pili, na ninaziweka akiba. Habari za hapo? Mama na mgongo wake wa Alhamisi hajambo?

Barua yako niliisomea kwenye chumba cha nguo, nimekaa katikati ya viatu vya watu, nikalia hadi msichana wa vipodozi akaja kunifuta uso. Akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, ni baba yangu kaandika.

Hebu nikueleze kuhusu upindo. Suruali ya mtu huipimi upindo ukiwa umesimama. Mwenyewe anavaa viatu vile vile atakavyoendea huko aendako, anasimama wima, anatazama mbele. Akiinamisha kichwa tu kukutazama, kitambaa kinacheza na kipimo kimeharibika. Ndiyo maana yule alikuwa anatazama juu. Nilimwambia mimi, Baba. Nilimwambia, "Tazama taa ile, usinitazame." Hakuwa na kiburi hata chembe, alikuwa anatetemeka. Alikuwa ametoka hospitali baada ya kulazwa muda mrefu, nguo zake zote zinampwaya, na alikuwa anakwenda kumwomba radhi mkewe aliyekuwa amerudi kwao. Mke alikubali kurudi. Sisemi ni kwa sababu ya upindo wangu, ila angalau hakujikanyaga suruali akaanguka ukweni mlangoni.

Na kuna jambo litakalokufurahisha. Mwongozaji wa kipindi anasema maneno yako. Eti nyota hapigi magoti. Anataka nisimame na maikrofoni, nicheke, nizungumze, na pini azishike msaidizi. Nimemwambia kipimo kiko machoni na mikononi mwangu, siwezi kumwazima mtu. Kanipa hadi Juni nijirudi, la sivyo kipindi atapewa mwingine. Kwa hiyo sasa wanaume wawili wananitaka nisimame, na ninayemwogopa ni mmoja tu.

Kiti bado ni chako. Nikikiona kitupu siku ile, nitajua nilimvisha kila mtu nikakosa baba.

Binti yako

19 Mei

Kwako binti,

Natumaini hujambo. Sisi wazima. Mvua zimekazana, chuma kinaota kutu ukikigeuzia kisogo.

Nina swali la kikazi. Mtu mnene wa kiasi, mweusi, wa umri kama wangu, akitaka suruali nzuri achukue rangi gani? Si lazima awe mimi. Mama yako anasema kijivu. Mimi nasema nyeusi haina matata. Jibu kwa kifupi, usilete maneno mengi.

Mzazi wako

24 Mei

Baba,

Shikamoo ya tatu. Habari za mvua?

Mwambie huyo mtu mnene, ambaye si lazima awe wewe, kwamba Mama yuko sahihi. Nyeusi itamfanya aonekane anakwenda kuzika. Achukue kijivu kilichokolea, kitambaa kizito kidogo, ili kisimkamate mapajani akikaa.

Lakini unajua utaratibu wangu. Simvishi mtu kabla hajajibu swali. Huyo bwana anakwenda wapi? Asipojibu nitajuaje kama ni suruali ya kukalia au ya kusimamia?

Wakati anafikiria, Mama ampime kiuno, nyonga, paja, na urefu toka kiunoni hadi sakafuni. Asivute tumbo ndani. Najua atavuta, kwa hiyo Mama amsemeshe kitu cha kumchekesha kwanza. Kisha mzitoe suruali zake za zamani, mtazame zimechakaa wapi. Mimi ndivyo ninavyomjua mtu. Za mtu wa ofisini huisha makalioni, za dereva huisha upande mmoja. Niandikie zake zimeishia wapi.

Binti yako

1 Juni

Kwako binti,

Habari za kazi? Vipimo kaviandika Mama yako pembeni. Hiyo ya kiuno si kweli, alinichekesha halafu akakaza tepu kwa ubaya.

Umesema tutazame suruali zilipochakaa. Mama yako akazitoa zote kabatini akazilaza kitandani, moja baada ya nyingine. Zote zimeisha magotini. Nyuma nzima, mifukoni nzima, lakini magotini unaliona shuka. Hata ile ya kahawia niliyovaa siku ya mahafali yako, maana nilipotoka pale nilipitia kumalizia geti la mtu. Mama yako akatoka akaniacha nazo.

Nikakaa pale ukingoni mwa kitanda. Geti, mwanangu, kazi yake ngumu iko chini, kwenye bawaba na lile komeo linaloshuka sakafuni. Hulifikii ukiwa umesimama. Nimepiga magoti mbele ya nyumba za watu tangu hujazaliwa, wenyewe wamesimama juu yangu mikono mfukoni wananiuliza nitamaliza lini, na sikuwahi hata siku moja kujiona nimemwinamia mtu. Nilikuwa natazama kama geti limenyooka. Basi nikawaza kwamba na wewe siku ile ulikuwa unatazama kama suruali imenyooka. Nimeona haya. Ulikuwa kazini, na mimi baba yako fundi sikuitambua kazi nilipoiona.

Plagi nimeirudisha. Alhamisi hii jirani hakujuliwa hali, sijui kama yu hai. Tumekutazama ukimvisha yule mama koti la bluu. Ulipopiga magoti, Mama yako hakukutazama wewe, alinitazama mimi. Nikajifanya nakohoa.

Huyo mwongozaji mwambie, kama anaweza kupachika bawaba kwa maikrofoni, aje anifundishe.

Kuhusu kiti, niache kwanza. Ukumbi wa mataa na watu waliopendeza si mahali pa mtu mwenye mikono kama yangu. Nitakutia aibu mbele ya watu siku yako kubwa. Kwa hiyo huyo mtu mnene bado hajajua anakwenda wapi.

Mzazi wako

8 Juni

Baba yangu,

Shikamoo ya nne. Mko salama? Mimi ni mzima, sana.

Sitaandika mengi kuhusu barua yako kwa sababu nitalowesha karatasi. Nimeisoma hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Asante, Baba.

Ile ya bawaba na maikrofoni nilimfikishia mwongozaji mbele ya watu wa kamera na wa taa. Walicheka hadi mmoja akaketi chini. Yeye hakucheka. Nikamwambia kwamba kama magoti hayatakiwi, basi na mimi sitakiwi, amtafute huyo wa kusimama. Akazunguka zunguka ukumbini, kisha akasema, "Haya, piga magoti. Watu wakilalamika ni juu yako." Kwa hiyo kipindi ni changu, na sakafu ni yangu.

Pamoja na barua hii kuna furushi. Ni suruali ya kijivu, nimeikata na kuishona kwa mkono wangu. Nimekuongezea kitambaa cha pili kwa ndani, magotini. Hakionekani, lakini kipo.

Chini ni ndefu mno, na nimeiacha hivyo kwa makusudi. Usimruhusu Mama aipinde, wala fundi wa mtaani asiiguse. Upindo siwezi kuupima kwa barua. Nahitaji viatu, na miguu ndani yake, na mwenye miguu awe amesimama mbele yangu.

Kuhusu aibu: mikono hiyo ndiyo iliyonilipia kila nguo niliyowahi kuvaa, hadi nikajua nguo nzuri ni ipi. Mikono hiyo, ije ilivyo.

Sasa nauliza kwa mara ya mwisho, na mtu mnene anijibu mwenyewe. Unakwenda wapi?

Binti yako

14 Juni

Kiroboto wangu,

Marahaba. Na zile tatu ulizoweka akiba, marahaba, marahaba, marahaba. Sijakuita jina hili tangu siku ya plagi, na nilipoliandika Mama yako alisoma begani kwangu akaenda kulia jikoni akisingizia vitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Suruali imefika. Inanikaa, hata kwenye kile kiuno cha uongo. Magotini nimepapasa, nimekiona kitambaa. Mama yako ameniwinda na sindano siku mbili hizi, nimekataa, suruali nimeificha kwenye sanduku la vyuma asikopenda kutia mkono. Viatu nimevipiga rangi. Nitavaa hivyo hivyo safari nzima, chini nimekunja mara mbili, watakaocheka na wacheke.

Umeniuliza ninakwenda wapi. Nakuja kwako. Kiti changu asikikalie mtu.

Tutafika mapema ili unipime kabla ya kipindi. Kama utataka kunipima kipindi kikiwa kimeanza, mbele ya ukumbi mzima, nipime. Wale mafundi wenzangu wawili nimewaambia waende kwa jirani wakatazame, na wasitazame kwenye vikombe.

Nimefanya mazoezi uani ya kusimama wima na kutazama taa. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Nikishindwa nikatazama chini mara moja kukuona, usinigombeze, mwanangu. Pima tena.

Baba yako