Vifungo vya Nanga

Mdogo wangu wa majini,

Sisi wa nchi kavu hatujambo. Mama sasa anafika kwa jirani bila mkongojo, na cherehani yangu ya pili imepata mkanda mpya.

Tangu jeshi la kaka lipewe sare nyeupe kama zenu wanamaji, mna miezi saba hamsemezani. Wewe ulimwita mwizi wa rangi, yeye akakuita mhudumu wa hoteli. Hakuna aliyeniuliza mimi ninayezishona zote: makoti arobaini na sita kwa wiki mbili, peke yangu, kama nilivyoianza kazi hii peke yangu.

Katika haraka hiyo nikakosea. Koti la kaka nililitia vifungo vyenu vya nanga, vyote tisa, mpaka kile cha ndani, naye akaenda nalo kwenye gwaride. Mkubwa wake akampa lindo la siku tatu.

Jana alikuja dukani, nikajiandaa kutukanwa. Akaketi, akacheka mpaka akakohoa.

"Fundi, umenifanya mwanamaji nusu siku. Wenzangu sasa wananiita Nahodha."

Kisha akauliza kama unakula vizuri huko.

Nilipobadilisha vifungo na kufika kile cha ndani, alinishika mkono.

"Hicho kiache. Mkaguzi hakioni."

Alinikataza nisikwambie, ndiyo maana nakuandikia. Jumamosi atakuwa kwa mama. Njoo. Wewe ndiye mdogo, kwa hiyo shikamoo ni yako. Yeye nusu yake ya mapatano ameshaimaliza.

Dada yako,
Fundi