Sauti ya Kiti cha Kulia

Makole, 6 Septemba 2024

Penina mwanangu,

Hujambo? Huku tu wazima, ila Mama yako Mkubwa Zipora presha imempanda tangu siku ile. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu nitakutukana.

Nimekulea tangu mdogo wangu alipofariki. Urubani umeusomea mikononi mwangu. Leo unaninyang'anya usukani tukiwa karibu kutua, unanifokea "Kapteni, achia!", Gladness mhudumu anasikia, abiria wa mbele nao wanasikia. Umenivua nguo.

Haya, yamepita. Wachunguzi watatuita, kila mtu kwa siku yake. Waambie redio ilikuwa inakwaruza, mnara wa kuongozea ndege hatukuusikia vizuri. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Usiache niondoke kwa aibu.

Ni mimi,
Baba yako Mkubwa, Yoramu

Nkuhungu, 9 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Mama Mkubwa anaendeleaje? Mimi mzima, ila chakula hakipiti.

Nisamehe kwa kukufokea. Kwa hilo nitapiga magoti, hata mbele ya ukoo mzima kule Kibakwe. La redio siwezi. Mnara ulisema wazi: msitue, pandeni, gari la ukaguzi bado liko kwenye njia ya kutulia ndege. Vumbi lilikuwa limetanda, wewe gari hukuliona na mimi sikuliona. Wao waliliona. Nilikwambia kwa adabu, "Baba, mnara unasema tupande." Ukaendelea kushuka. Ndipo nikakuita Kapteni, nikashika usukani, tukapanda.

Kabla ya kuruka, kila kapteni humwambia rubani msaidizi aliyekaa kulia: ukiona kosa, sema. Asubuhi ile hukuniambia. Ulicheka ukasema mtoto haambiwi amsahihishe mzazi, na mimi nikacheka. Ndani ya lile gari walikuwemo watu, Baba.

Mwanao,
Penina

Nkuhungu, 24 Septemba 2024

Baba, shikamoo.

Ni matumaini yangu hamjambo nyote. Najua barua yangu ilifika, Gladness anasema alikukabidhi mkononi. Jumapili nilikuja Makole. Mama Mkubwa alinipa chai, akazungumzia ukame mpaka nikaaga. Viatu vyako vilikuwa mlangoni.

Kesho kutwa ni zamu yangu kwa wachunguzi. Nitasema nilichokisikia. Ukinikana baada ya hapo, sina baba mwingine. Naogopa sana, lakini nitasema.

Mwanao,
Penina

Makole, 18 Oktoba 2024

Penina,

Hujambo mwanangu? Mama yako Mkubwa presha imeshuka. Mimi nipo nipo tu.

Juzi ilikuwa zamu yangu. Nilikwenda na maneno yangu ya redio nimeyapanga vizuri. Nilidhani kinasa sauti cha ndege kilishajifuta, kama kinavyofanya ndege ikiachwa bila kuzimwa umeme. Kumbe hakikujifuta. Kabla sijafungua mdomo wakakiwasha. Mnara ukasikika safi kabisa. Kisha wewe: "Baba, mnara unasema tupande." Kisha mimi: "Nyamaza, mwanangu."

Sikukumbuka. Mungu ni shahidi yangu, sikukumbuka kwamba nilisema hivyo. Wewe unakumbuka, na kwenye barua yako neno hilo hukuliandika. Ulinisitiri, na mimi nikakwambia umenivua nguo.

Kilichoniumiza ni kwamba nilisema kwa upole. Sauti ile ile niliyokuwa nikikunyamazisha nayo ulipokuwa mdogo, wakati wa taarifa ya habari. Nyuma yetu kulikuwa na abiria ndege nzima, na mimi nilikuwa sebuleni kwangu.

Wakaniuliza kuhusu redio. Nikawaambia redio haikuwa na tatizo lolote, mnara niliusikia na nikaupuuza. Leseni wameichukua. Nililia mbele ya vijana niliowafundisha mwenyewe.

Nasikia Jumatatu umepangwa na Kapteni Filipo. Ni rika langu, na ni mkali kuliko mimi. Mwamkie vizuri mkiwa chini. Mkiwa juu akikosea, mwite kama ulivyoniita mimi mara ya pili. Usianze na ile ya kwanza.

Baba yako,
Yoramu