Zizi Tupu la Mwamkulu

Mwamkulu, 14 Septemba

Mjukuu wangu Minza,

Hapa sote ni wazima, na mpunga umekwisha kuingia ghalani. Umeniuliza uthibitishe chuo kipi cha uhandisi kati ya viwili vilivyokuchagua. Baba yako alikihimiza cha karibu, ili uolewe upesi hapa karibu, kwa sababu alikwisha kupokea ng'ombe wa mahari yako bila kukuuliza. Jana niliwaswaga hadi Magamba, nikawarudisha kwa mposaji aliyewaleta.

"Baba, umeniaibisha!" baba yako alifoka niliporudi.

"Ulitaka kumwoza mhandisi kabla hajajenga hata kivuko?"

Hapo akacheka.

Thibitisha kile cha mbali, chenye karakana uliyoisifu. Sijapata kuona zizi tupu likipendeza hivi.

Ni mimi babu yako, ambaye miguu bado inamuuma,

Masunga