Hadithi Niliyoichukua kwa Mwaitu

Jumatatu, 2 Juni
Nimekamua mbuzi, nimeweka muthokoi wa mahindi na maharagwe motoni. Mwaitu, mama mkwe wangu, yuko nje, anamenya mbaazi. Saa nne Kalekye akapiga simu. Ukumbi wa Kitui umepatikana, tunaonyesha tamthilia yangu tarehe ishirini na moja. Kuna watu wa Nairobi watakuja kuangalia. Wakiipenda, wataichukua kwao mwezi wa nane.

Miaka tisa tangu nitoke Uvira. Nilianza na michezo ya Krismasi ya akina mama wa kanisa hapa Kathonzweni. Watu walicheka Kiswahili changu cha Kongo kuliko vichekesho vyenyewe. Halafu shule ya sekondari ikaniomba niwaandikie. Sasa jina langu liko kwenye bango. Nimefurahi mpaka muthokoi ukaungua.

Mwaitu aliuliza nani amepiga. Nikasema Kalekye, dairekta wetu. Sikuongeza neno.

Jumanne, 3 Juni
Niandike ukweli, maana hii hakuna atakayeisoma.

Hadithi si yangu. Ni ya Mwaitu. Mwaka juzi, Musyoka mume wangu akiwa safarini na lori, Mwaitu alinieleza. Kabla ya kuolewa huku alikuwa ameolewa upande wa Kitui. Mume alikuwa anampiga. Alfajiri moja akaondoka. Alimwacha binti wa miaka mitatu amelala, kwa sababu mtoto alihesabiwa wa ukoo wa baba. Ndinda. Ndilo jina la mtoto. Hajamwona tena. Musyoka hajui kwamba ana dada.

Alisema ananiambia mimi kwa sababu ni mgeni, na mgeni hana wa kumpelekea maneno.

Mimi nimeyapeleka kwa ukumbi mzima.

Majina nilibadilisha. Lakini ni Kitui ileile, na wazee wanakumbuka.

Alhamisi, 5 Juni
Mazoezi Kitui. Nilimwomba Kalekye tuondoe onyesho la kuondoka. Akauliza kwa nini. Sikuweza kumwambia. Akasema bila hilo hatuna tamthilia, tuna watu wanaosimama jukwaani. Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Mwigizaji anayecheza yule mama analia vizuri sana hapo. Anapiga magoti kando ya kitanda na kulia mpaka wenzake wanaacha kuguguna mahindi. Mimi mwenyewe nililia. Halafu nikaona aibu.

Jumapili, 8 Juni
Nimemwambia Mwaitu. Tulikuwa tumetoka kanisani, hata viatu hajavua. Nilisema yote bila kupumzika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja leso yake mara nne, akaingia jikoni.

Jumanne, 10 Juni
Salamu tu. Chakula anakula kwake.

Nimeandika ujumbe wa kumwambia Kalekye asimamishe kila kitu. Sijautuma. Nikijiondoa sasa, nani atamwita tena mwanamke wa Kongo? Nimejichukia. Hilo ndilo nililowaza kwanza, kabla ya kumuwaza yeye.

Jumatano, 11 Juni
Leo asubuhi alikuja na kiti chake, akakaa mbele yangu. Akasema, "Mama Mutheu, nisomee."

Nikamsomea. Yeye hasomi, na Kiswahili kikiwa kirefu kinamchosha, kwa hiyo nilikuwa nasimama na kueleza kwa Kikamba changu kibovu. Ilichukua saa mbili nzima. Tulipofika alfajiri ile, alinyanyua mkono.

"Hapo umedanganya. Mimi sikulia."

Nikamwambia nilidhani mama yeyote angelia.

"Ningelia, mtoto angeamka. Angeamka, singetoka."

Nikamuuliza kama anataka niiondoe yote. Akasema niondoe kilio. Mengine yaachwe. Kisha akaongeza kwamba Musyoka lazima asikie kutoka kwake, si kutoka kwa watu.

Ule ujumbe wa kumwandikia Kalekye nimeufuta.

Ijumaa, 13 Juni
Musyoka alifika mchana. Mwaitu alimwambia mezani, nami nikiwepo. Musyoka alitoka nje, akaosha lori ambalo lilikuwa safi. Niliogopa. Aliporudi hakuniangalia mimi. Alimuuliza mama yake swali moja tu, "Anaitwa nani?"

Jumatatu, 16 Juni
Mwigizaji hataki kuacha kulia. Anasema watu watamwona hana moyo. Nikamweleza sababu, bila kutaja nani. Akajaribu. Alivuta shuka akamfunika mtoto miguu, akasimama, akatoka. Ni hivyo tu. Kalekye alifunga skripti na kusema tusiguse tena kitu.

Jumamosi, 21 Juni
Ukumbi ulijaa. Mwaitu alikaa mstari wa tatu, Musyoka kando yake. Sikuangalia jukwaa. Nilimwangalia yeye. Ilipofika alfajiri, hakuna aliyekohoa. Yeye alinyoosha mgongo tu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa ofisini.

Watu wa Nairobi wanaitaka. Walinisalimia kwa mikono miwili. Nilijibu vizuri, nadhani. Nilikuwa nimechoka sana.

Tukirudi, Mwaitu alimwambia Musyoka amtafutie Ndinda.

Jumapili, 29 Juni
Nyumba imenyamaza. Mutheu, binti yetu, yuko kwa jirani. Musyoka na mama yake walienda Kitui jana. Ndinda amepatikana. Ana duka la vitambaa karibu na soko, na wajukuu wawili.

Mwaitu amenipigia leo kwa simu ya Musyoka. Nikamuuliza wamepokelewaje.

"Ametupa chai."

Nikauliza kama wameongea.

"Chai kwanza," akasema. Watarudi kwake tena Jumamosi, wamekubaliwa.

Kisha akaniuliza kama na hii nitawaandikia watu wa Nairobi. Hakuuliza kwa ubaya. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, nisisahau kuwapa mbuzi maji.

Nimewapa. Sasa nimekaa mlangoni. Kuna upepo kidogo.